Cheti cha nesi wa kiwandani (COHN na COHN-S): majibu kwa manesi mnaoniuliza

Manesi wenzangu mlioko huku Marekani, na nyie mlioko nyumbani pia, mmeniuliza sana kuhusu hii kazi ya kiwandani na hizo herufi zilizo nyuma ya jina langu, na mimi nimekuwa nawajibu vipande vipande kwenye WhatsApp, huyu namwambia hili yule namwambia lile, mwisho wa siku hakuna aliyepata picha kamili. Kwa hiyo leo nimeamua kuandika yote. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Nianze na msimamo wangu ili ujue naelekea wapi. Waajiri wengi hawakidai hiki cheti, unaweza ukaajiriwa kiwandani na leseni yako ya RN (registered nurse, nesi aliyesajiliwa) tu, ukapewa funguo za kliniki na kompyuta, ukaanza kazi Jumatatu. Na mimi nasema kipate hivyo hivyo, hata kama hakuna aliyekuomba. Sababu ni kazi yenyewe ilivyo. Wodini hauko peke yako, kuna in-charge, kuna daktari wa zamu, kuna famasi, kuna nesi mwenzako wa chumba cha pili ambaye ukikwama unamwambia dada hebu njoo uniangalizie hii. Kiwandani huna hao watu. Unakuta wafanyakazi mamia kwa mamia, shifti mbili au tatu, na nesi ni wewe, daktari anayesaini maagizo mnayofuata yuko mji mwingine na unampata kwa simu akiwa na nafasi, halafu bosi wako wa kila siku sio mtu wa afya kabisa, ni mtu wa HR au wa usalama, au ni meneja wa kiwanda mwenyewe ambaye kichwani ana jambo moja tu, laini ya uzalishaji isisimame. Ukiwa mahali kama hapo unachokijua kichwani ndo mwenzako. Usipokijua, utafanya unachoambiwa.

Mimi niko kwenye kiwanda cha nyama, majimbo ya katikati huku, jina naliacha. Watu wa pale wametoka kila kona, Mexico, Guatemala, Somalia, Burma, na Wakongo ni wengi mno, waliokuja kama wakimbizi, wengine wamekaa miaka na miaka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupata safari. Kwa hiyo nusu ya siku yangu inapita kwa Kiswahili, na wengi wao wakisikia kuna nesi anayeongea Kiswahili wanakuja na mambo ambayo wameyanyamazia muda mrefu.

Nitatoa mfano mmoja halafu nitarudi kwenye cheti.

Kuna mama mmoja wa Kivu, kazi yake ni kutoa mafuta kwenye nyama kwa kisu, shifti nzima, mkono ule ule, mjongeo ule ule, kwenye ubaridi wa friji. Alikuja akakaa akaniambia, "Mama muganga, huu mukono unalalaka usiku, naamuka naupigapiga, na asubuyi siwezi kushika hata kikombe." Nikamuuliza ni vidole gani. Akanionyesha dole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Na kidole kidogo? Akasema kile hakina shida. Sasa hapo tayari kashakwambia ugonjwa wake, carpal tunnel, maana mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo unapita kwenye njia nyembamba katikati ya kifundo cha mkono, na kidole kidogo kina mshipa wake mwingine unaopita kwingine. Nikamwambia akunje vifundo vyote viwili, vidole viangalie chini, migongo ya mikono igusane, akae hivyo dakika moja. Nikawa naangalia saa. Dakika haijaisha akaniambia, "Yaanza."

Nesi ambaye hajajifunza mambo ya kazini atafanya nini hapo? Atampa barafu, atamfunga bandeji, atampa ibuprofeni, atamwambia rudi kazini ukisikia maumivu njoo tena. Na atakuja tena. Na tena. Wiki zinapita mtu anazunguka kati ya laini na chumba cha huduma ya kwanza hajawahi kumwona daktari, mpaka misuli ya chini ya dole gumba inaanza kusinyaa. Hiki sio kitu ninachokibuni, OSHA ya huku, yani idara ya serikali ya usalama na afya kazini, kati ya 2014 na 2015 ilivibana baadhi ya viwanda vya kuku kwa jambo hilo hilo, kwamba wafanyakazi wanarudishwa rudishwa kwenye vyumba vya huduma ya kwanza badala ya kupelekwa kutibiwa. Na waliokuwa wanawarudisha ni watu wa afya, wengine wakifanya kazi inayozidi leseni zao, bila mtu wa kuwasimamia.

Nesi wa afya kazini anampeleka kwa daktari, ndiyo, lakini haishii hapo, ananyanyuka kwenye kiti anaenda kwenye laini kuangalia. Mimi nilivaa koti na kofia ngumu nikaenda nikasimama pembeni yake. Glovu zake zilikuwa kubwa kuliko mkono, kwa hiyo ili kisu kisiponyoke ilibidi akikamate kwa nguvu mara mbili. Na kisu kilikuwa butu. Ukiwa unakata kwa kisu butu, nguvu yote inatoka kwenye kifundo, na ukizidisha kwa mikato ya shifti nzima unapata ule mkono unaolala usiku. Kubadilisha glovu ni jambo la siku hiyo hiyo. Visu kunolewa mara nyingi zaidi na watu kuzungushwa kwenye kazi tofauti, hilo lilichukua vikao. Hii ndo tofauti ninayotaka muielewe, wodini mgonjwa wako ni mtu mmoja kitandani, kiwandani mgonjwa wako ni ile kazi yenyewe, na watu wanne waliosimama mstari mmoja na yule mama wanaelekea alikokuwa anaelekea.

Sasa cheti.

Anayekitoa ni bodi inaitwa American Board for Occupational Health Nurses, kwa kifupi ABOHN, ipo tangu 1972, na ni bodi inayojitegemea, sio idara ya serikali na sio chama cha manesi. Chama ni kingine, AAOHN, chenyewe kilianza 1942 kikiitwa chama cha manesi wa viwandani. Watu wanavichanganya hivi viwili, wanalipa ada ya chama wanadhani wamejiandikisha mtihani. Chama ni cha mikutano, masomo na kufahamiana, bodi ndo yenye mtihani.

Vyeti ni viwili. COHN (Certified Occupational Health Nurse) ni kwa RN yeyote mwenye leseni hai, hata kama elimu yako ni ya diploma au digrii ya miaka miwili ya hapa. COHN-S, hiyo S ni ya specialist, lazima uwe na digrii ya kwanza au zaidi. Vyote viwili vinataka uwe umefanya kazi ya afya kazini saa 3,000 ndani ya miaka 5 iliyopita, na kama huna saa hizo kuna njia ya kupitia masomo rasmi ya afya kazini ya ngazi ya chuo. Saa 3,000 zinasikika nyingi lakini piga hesabu, wiki ya saa 40, ni wiki 75, mwaka na nusu hivi. Ukifaulu cheti kinadumu miaka 5 halafu unakihuisha kwa kuonyesha umeendelea kusoma na kufanya kazi. Ada na masharti madogo madogo yanabadilika, yasome kwenye kitabu cha maelekezo cha bodi chenyewe, usichukue ya kwangu wala ya mtu wa Facebook.

Tofauti ya mitihani miwili ni hii. COHN inakuuliza zaidi kama mtu wa kliniki, mratibu, mshauri, na mfuatiliaji wa kesi za walioumia. COHN-S inakwenda upande wa uongozi, kuendesha programu nzima, kufundisha, kushauri kampuni, bajeti, takwimu. Kama una digrii na unajiona siku moja unasimamia afya ya viwanda vitatu, fanya COHN-S moja kwa moja. Kama hauna digrii, usisubiri, chukua COHN, saa zako zinahesabika na unaheshimika vile vile.

Kusoma kwake sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi mnadhani ni mtihani wa unesi kama NCLEX, ule wa kupata leseni huku. Hapana. Robo tatu ya vitu vilivyonitoa jasho hatukuvigusa chuoni. Sheria, sumu, kelele, vumbi, takwimu za ajali, fidia. Kuna fomula moja ambayo lazima ulale nayo, kiwango cha ajali: idadi ya ajali zilizoandikwa mara 200,000, gawa kwa jumla ya saa walizofanya kazi wafanyakazi wote. Hiyo 200,000 sio ya kukariri tu, ni watu 100 mara saa 40 mara wiki 50, yani mwaka mzima wa kampuni ya watu 100. Kwa hiyo kiwanda chenye ajali 12 na saa 400,000 kina kiwango cha 6, maana yake katika kila watu 100 sita waliumia mwaka huo. Ukishaelewa inatoka wapi hutaisahau, na siku meneja anakwambia mbona sisi tuna ajali chache kuliko kiwanda cha jirani, unamuuliza saa zenu ni ngapi.

Halafu kuna hili la nini kinaandikwa na nini hakiandikwi, na hapa ndipo penye vita ya kila siku, naomba usome taratibu. Sheria ya usalama kazini ya Marekani ilitiwa saini Desemba 1970, na chini yake kampuni inatakiwa kuandika kwenye daftari majeraha na magonjwa ya kazini yaliyozidi huduma ya kwanza. Muhtasari wake unabandikwa ukutani kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili wafanyakazi wauone. Makampuni hayapendi namba hizo ziwe kubwa, bonasi za watu zinategemea hapo, wateja wakubwa wanaangalia hapo. Kwa hiyo supavaiza akija na mtu aliyeumia atakwambia kwa upole, nesi, hii ni huduma ya kwanza tu eeh?

Na jibu liko kwenye sheria, haliko kwenye upole wake. Kidonda ukikibana kwa plasta zile nyembamba za kuunganisha ngozi, ni huduma ya kwanza. Kikishonwa nyuzi, au kikigandishwa kwa gundi ya jeraha, ni matibabu, kinaandikwa. Sindano ya pepopunda, huduma ya kwanza. Kuchua misuli, huduma ya kwanza, fiziotherapia, matibabu. Barafu na maji ya moto, huduma ya kwanza hata ukiweka mara ngapi. Ibuprofeni ndo wengi wanakosea, vidonge viwili vya dukani vya miligramu 200 ni 400, hiyo haiandikwi, lakini ukimwambia ameze vitatu kwa mpigo ni 600, umevuka mpaka wa 467 ambao OSHA wameuweka, hapo ni dawa ya nguvu ya cheti cha daktari hata kama kachupa kamenunuliwa dukani. Na mtu akiambiwa asinyanyue vitu vizito kwa hiyo kazi yake ya kawaida haiwezi, hiyo nayo inaandikwa, hata kama hakumeza kidonge hata kimoja.

Kuna mengine ya saa. Mfanyakazi akifariki, kampuni ina saa 8 kutoa taarifa OSHA. Akilazwa hospitali, akikatika kiungo au akipoteza jicho, saa 24. Usiku wa manane meneja yuko kitandani, wewe ndo unatakiwa ujue hizo saa zimeanza kuhesabika.

Mtu mwenye hizi namba kichwani anaongea kwa utulivu. Hagombani na supavaiza, hamtishi mtu, anafungua ukurasa anamwonyesha. Nimeona mimi mwenyewe, kabla na baada, jinsi watu walewale wanavyobadilika wakishajua kwamba nesi anajua. Hawaji tena na "eeh?"

Masikio. Kiwanda cha nyama kina kelele kuliko watu wanavyofikiri, misumeno, minyororo, mapampu ya kuoshea. Kelele ikifika wastani wa desibeli 85 kwa shifti ya saa 8, kampuni inatakiwa iwe na programu ya kulinda usikivu, na kila mtu apimwe mwanzo na kisha kila mwaka. Kipimo cha mwanzo kinataka mtu awe amekaa mbali na kelele za kazini saa 14 au awe amevaa kinga sawasawa, kwa sababu ukimpima ametoka kwenye laini masikio yamechoka utaandika kwamba ndivyo alivyokuja, na miaka kumi baadaye akiwa hasikii sauti ya mjukuu wake, karatasi itasema hakuna kilichobadilika. Kila nikimpima mtu mpya hilo ndo linanikaa kichwani. Kipimo cha mwanzo kikiwa kibovu, umemwibia ushahidi wake kabla hajauhitaji.

Na upimaji wenyewe una mambo yake. Unamwingiza mtu kwenye kibanda, unamvalisha headphone, unamwambia ukisikia mlio hata kama uko mbali sana bonyeza. Nilikuta watu wamepimwa kwa Kiingereza hawajaelewa, wengine walikuwa wanasubiri mlio uwe mkubwa ndo wabonyeze kwa sababu waliogopa kukosea, na majibu yao yanaonekana kama ya viziwi. Nikawarudia kwa Kiswahili, nikawaambia hapa hakuna kukosea, ukidhani umesikia, bonyeza. Majibu yakawa mengine kabisa. Masafa ya mlio unayoyaangalia sana ni hezi 2,000, 3,000 na 4,000, wastani wake ukishuka desibeli 10 ukilinganisha na mwanzo, mfanyakazi lazima aandikiwe barua ndani ya siku 21. Kwa upimaji huu kuna cheti kingine kidogo cha CAOHC, baraza la mambo ya kulinda usikivu kazini, na kwa upimaji wa pumzi kuna kozi zilizoidhinishwa na NIOSH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya kazini. Zipate hizo mapema, ni za siku chache, na zinakusaidia kupata kazi ya kwanza kiwandani hata kabla ya saa 3,000 zako hazijaanza.

Siri za mgonjwa. Hapa kuna manesi wazuri sana wanateleza. Mtu wa HR anaingia kliniki, mnajuana, mmekula naye lunch, anauliza hivi fulani ana tatizo gani, mbona kila wiki yuko kwako? Usijibu. Wengi wanadhani kinachowalinda ni HIPAA, sheria ya huku ya siri za taarifa za afya, lakini faili nyingi za mwajiri haziko chini ya HIPAA, kinachokushika hapo ni sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, kwamba taarifa za afya za mfanyakazi zikae faili lake peke yake, na supavaiza aambiwe tu kile anachohitaji kumpangia kazi: asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, asifanye kazi kwenye ngazi, mpaka tarehe fulani. Sababu ni ya mgonjwa. Wakongo wangu hawa, siku wakihisi tu kwamba wanachoniambia kinafika ofisini, hawatakuja tena, na yule mama na mkono wake angekaa kimya mpaka avunje kikombe cha mwisho nyumbani kwake.

Mtaniuliza hela. Mshahara unatofautiana sana jimbo na jimbo na kampuni na kampuni, na cheti peke yake sio lazima kikuongezee siku ya kwanza. Kinachokuja ni nafasi. Ukiwa nacho unaitwa kwenye intavyuu za kampuni kubwa, magari, mafuta, madawa, vyuo vikuu, hospitali zenyewe maana hospitali nazo zina nesi wa wafanyakazi wake, anayeshughulikia sindano zilizochoma watu na chanjo ya homa ya ini B ambayo mwajiri lazima aitoe bure kwa waliomo hatarini. Na maisha yanabadilika, mimi wikiendi niko nyumbani, watoto wananiona.

Kidogo historia, kwa sababu naipenda. Marekani wanamtaja Betty Moulder, 1888, aliyeajiriwa kuwahudumia wachimba makaa ya mawe na familia zao Drifton, Pennsylvania, halafu Ada Mayo Stewart, 1895, kwenye kampuni ya marumaru ya Vermont, aliyekuwa akiwazungukia wafanyakazi majumbani kwa baiskeli. Uingereza walitangulia, Phillippa Flowerday aliajiriwa 1878 na kiwanda cha haradali cha Colman kule Norwich. Wote hao walikuwa peke yao, sheria hazijawakuta bado, na walikuwa wanaenda kuona mtu anaishije ndo wajue anaumwa nini.

Sasa nyumbani. Hili liko moyoni sana. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya 2003 na tuna OSHA yetu, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, Kenya wana ya kwao ya 2007. Sheria inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na wakati wakiwa kazini. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hiyo sio kwamba hakuna msingi. Lakini fidia ya ugonjwa inahitaji kuonyesha kwamba ugonjwa umetoka kazini, na utaonyeshaje kama hakuna kipimo cha mwanzo, kama pumzi ya mtu haikupimwa siku anaingia kwenye kinu cha pamba, kama hakuna aliyeandika alikuwa anavuta vumbi kiasi gani? Vumbi la pamba linabana kifua, Jumatatu ndo linambana zaidi mtu akitoka mapumziko, na dalili hiyo ya Jumatatu ni ya kuuliza kwa mdomo tu, haihitaji mashine. Mererani wachimbaji wanavuta vumbi la mawe, na vumbi hilo likikaa kwenye mapafu linafungulia njia kifua kikuu, kwa hiyo mtu anatibiwa TB, anapona, anarudi shimoni, anaugua tena, na kadi yake ya kliniki haijaandikwa popote kazi anayofanya. Mashamba ya maua Arusha, dawa za kupulizia. Manesi tunao maeneo yote hayo, na wako kwenye zahanati hizo hizo zinazowapokea hao watu.

Afrika Kusini manesi wa afya kazini wana chama chao, SASOHN, na wana masomo yao rasmi, nesi wa mgodini kule anajulikana ni mtaalamu wa kitu. Natamani sana Baraza letu la Uuguzi na Ukunga likae meza moja na OSHA na Mfuko wa Fidia, tuwe na cheti chetu, kwa sheria zetu na kwa kazi zetu, katani, pamba, saruji, madini, sio lazima tukope mtihani wa Wamarekani wenye kuuliza fomu zao. Wakati tunasubiri, kuna kitu kimoja nesi yeyote wa zahanati anaweza kuanza nacho kesho bila kibali cha mtu. Muulize kila mgonjwa unafanya kazi gani, na kabla ya hiyo ulifanya ipi, na uandike. Sio "mkulima" au "biashara". Anapulizia dawa gani, anachekecha nini, mashine gani, miaka mingapi.

Kwa mlioko huku na mmeamua, anzeni kuweka kumbukumbu ya saa zenu sasa hivi, tarehe, kiwanda, majukumu, jina la anayekusimamia na namba yake, kwa sababu mameneja huku wanahama na ukija kutafuta wa kuthibitisha saa za miaka mitatu iliyopita utahangaika. Sheria za OSHA ziko bure mtandaoni, machapisho ya NIOSH pia bure, anza na kelele, halafu kinga ya kupumulia, halafu daftari la majeraha, halafu sumu, madini ya risasi (lead) na vumbi la silika kwanza. Tukipatikana watu wanne watano tunaweza kuanzisha kundi la kusoma Jumapili jioni kwa Kiswahili, mimi niko tayari kulisimamia.

Na wewe nesi uliyeko karibu na vinu vya pamba, Bariadi, Shinyanga, Mwanza, popote pale, niandikie. Nataka kujua kama mnapima pumzi za hao vijana, mnatumia mashine gani, na nani anayatunza majibu yao msimu ukiisha.